Acheni kuandika kwamba bunduki "ilijifyatua yenyewe"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua. Mimi ni mzee wa miaka 71, mzaliwa na mkazi wa Ngamiani hapa Tanga. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekula kwa kutengeneza bunduki, kwanza katika ghala la silaha la askari wa wanyamapori, baadaye chini ya fundi mwenye leseni, mzee mmoja wa Kihindi ambaye karakana yake ilinuka mafuta ya taa na udi kwa pamoja. Sasa mikono inatetemeka na kazi nimeiacha, lakini gazeti nalisoma mpaka matangazo ya vifo.

Kuna sentensi moja inanichoma kila nikiiona. Mlinzi wa ghala akipata ajali, au mkulima anayelinda mahindi yake na ngiri akijipiga mguuni, magazeti yote huandika: "bunduki hiyo ilijifyatua yenyewe." Ilijifyatua! Kama mtego wa panya. Na hata mtego wa panya haujifyatui, panya ndiye anayeufyatua.

Siandiki haya kuwanyooshea wenzangu kidole. Sentensi hiyo niliwahi kuambiwa usoni, mlangoni kwangu, na mtu aliyeshika bunduki iliyotoka mikononi mwangu siku nne kabla.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1997, zile mvua za Elinino zilipokuwa zinatunyeshea mchana na usiku. Mteja wangu alikuwa mkulima wa upande wa Muheza, mwenye machungwa yake na ekari kadhaa za mahindi, na nguruwe mwitu walikuwa wanamfilisi. Bunduki yake ilikuwa Mauser 98, ya kijeshi kwa asili, iliyobadilishwa kasiba ikawa ya kuwindia, inapiga risasi ya .30-06. Wasioijua Mauser hapa Tanga ni wachache. Wazee wetu walizijua kabla ya sisi kuzaliwa, maana Novemba 1914 vita vilipiganwa humu humu mjini: Waingereza walishusha askari kama 8,000 kutoka India, na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akiwa na watu kama 1,000 akawarudisha melini. Askari wetu wengi siku zile walikuwa bado na Mauser ya zamani, ile ya mwaka 1871 inayotoa moshi mzito, si hii ya 1898. Watu husimulia nyuki tu waliowauma askari vitani, nyuki, nyuki. Haya, nyuki walikuwepo, lakini bunduki nazo zilikuwepo.

Turudi kwa mkulima. Alikuja na bunduki, vibali vyake vyote kwenye mfuko wa nailoni, na kijiboksi chenye triga mpya ya Timney, kampuni ya Marekani inayotengeneza triga tangu 1946. Akasema, "Shikamoo mzee. Hii ya zamani nzito, nikivuta mdomo wa bunduki unahama, nguruwe anaondoka anacheka."

Alikuwa na haki. Nilipima. Kifaa changu cha kupimia kilikuwa mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya springi, niliyoiazima kwa muuza samaki wa Deep Sea. Unafunga uzi mgumu kwenye triga, katikati ya mkunjo ambapo kidole hukaa, unavuta mizani kurudi nyuma taratibu, sawa na mstari wa kasiba, ukiangalia mshale. Ile triga ya kijeshi ilikubali kwenye kilo 2.8. Bunduki yenyewe nzima ina kilo nne hivi. Maana yake mtu anavuta kwa kidole kimoja uzito unaozidi nusu ya uzito wa bunduki nzima, halafu tunamtaka asiitikise. Triga ya Mauser ya kijeshi ina hatua mbili: unavuta kwanza pamoja na ulegevu mrefu, unafika mahali inagoma, kisha unaongeza nguvu ndiyo ifyatue. Kwa askari mwenye hofu na jasho hiyo ni busara kubwa. Kwa mtu anayelenga nguruwe usiku kwa tochi, ni mateso.

Kuifunga triga mpya si kazi ya ajabu. Unahakikisha kwanza bunduki ni tupu, kwa jicho na kwa kidole kidogo ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, maana jicho hudanganya kwenye mwanga hafifu. Risasi zinakaa chumba kingine kabisa. Unafungua skrubu mbili za chini, mti (ile mbao ya kitako na ya kushikia) unatoka, unagonga pini inayoshika triga ya zamani, unaweka mpya mahali pale pale na kuikaza isicheze. Nusu saa, ukinywa kahawa katikati.

Kazi iko kwenye marekebisho. Triga za namna hii huwa na skrubu tatu ndogo, na kila moja ina tabia yake. Ya kwanza inakaza au kulegeza springi, nayo ndiyo inayoamua uzito wa kuvuta. Hii huwezi kufanya nayo kosa kubwa kama una mizani na akili. Nilimwekea kilo 1.4 na nikakataa kushuka, ingawa alinisihi. Ya pili inazuia triga kuendelea kurudi nyuma baada ya kufyatua. Ukiikaza mno, triga haifiki mahali pa kufyatulia. Ukiilegeza, kidole kinaanguka kama mtu aliyekosa ngazi.

Ya tatu ndiyo shetani. Ndani ya kila bunduki ya bolti, yaani yenye komeo la chuma unalolivuta na kulifunga kwa mkono, ukishakoki, pini ya kupigia imerudishwa nyuma na springi yenye nguvu, inataka kwenda mbele kugonga fataki ya risasi. Kinachoizuia ni jino la chuma. Jino hilo nalo limeegemezwa kwenye ukingo mwembamba wa triga, na huo mwegemeo ni mdogo kuliko unavyodhani, unene wa kadi za simu mbili tatu hivi. Skrubu ya tatu inapunguza au kuongeza mwegemeo huo. Ukiupunguza, triga inakatika kama kijiti kikavu, raha tupu kidoleni. Ukiupunguza kidogo zaidi, bunduki inafyatuka ukifunga bolti kwa nguvu, au ikianguka, au gari likipita kwenye shimo la barabara ya Pangani. Mafundi vijana huipenda sana skrubu hiyo. Mzee wangu wa Kihindi alikuwa anaiziba kwa nta kabla hajamrudishia mteja bunduki, na mteja akija nta imechimbwa, hampokei tena. Mimi niliiacha kama ilivyotoka kiwandani.

Halafu kuna kuzifunga skrubu zenyewe zisitembee kwa mtetemo wa risasi. Mimi nilitumia rangi ya kucha. Msicheke, ni dawa ya zamani ya mafundi wengi: tone moja kwenye kichwa cha skrubu, likikauka linashika, na ukitaka kurekebisha unalivunja. Siku ile nilinunua nyekundu sokoni Ngamiani, mke wangu akaiona mfukoni mwa shati langu, na maelezo niliyoyatoa hayakukubaliwa mpaka nilipompeleka karakanani kuona bunduki yenye kucha.

Nikafanya majaribio yangu. Bunduki tupu, nikaikoki, nikagonga kitako kwa nyundo ya mpira pande zote: haikufyatuka. Nikafunga bolti kwa nguvu mara kumi: haikufyatuka. Nikavuta triga bila sefti, yaani kizuizi cha usalama: ikafyatuka safi. Nikaikoki tena, nikaweka sefti, nikavuta triga: haikufyatuka, nikaishia hapo. Nikamkabidhi, akalipa, akaondoka na mvua yake.

Siku ya nne akarudi. Hakunisalimia. Aliweka mezani debe la bati alilokuwa akichotea maji shambani, lina tundu la kuingilia na tundu la kutokea, lile la kutokea limefumuka kama ua. Akasema, "Mzee, imejifyatua yenyewe."

Nikamuuliza kidole chake kilikuwa wapi. Akasema kwenye sefti. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejua kila kitu, kwamba bunduki haijifyatui, kidole chake kilikuwa mahali pasipo pake. Akaapa kwa wallahi. Nikamwambia aache bunduki na aende zake. Hata kiti sikumpa, Mhariri.

Usiku nikaifungua. Mwegemeo uko sawa, uzito uko sawa, kucha nyekundu iko pale pale haijavunjwa. Nikaikoki tupu, nikaweka sefti, nikavuta triga kwa nguvu, kimya. Nikaiachia triga. Nikaenda kujimiminia kahawa, nikarudi, nikageuza sefti kuitoa, kidole kiko mbali kabisa na triga.

Taa!

Pini ikapiga hewa ndani ya chemba tupu, na mimi nikasimama na kikombe mkononi.

Nieleze lililotokea, maana ndilo sababu ya barua hii. Sefti ya Mauser ni kibawa kidogo kilichokaa nyuma ya bolti. Kikiwa kushoto bunduki iko tayari. Kikiwa wima unaweza kufungua bolti lakini haipigi. Kikiwa kulia kila kitu kimefungwa. Kibawa hicho hakiishiki triga. Kinashika kile kipande cha nyuma cha pini, sisi tulikiita kisigino, na kikiwa kizima hukivuta kisigino nyuma kidogo, unywele tu, mpaka kiachane na jino. Kwa hiyo hata ukivuta triga sefti ikiwa imefungwa, ukiiachia jino linarudi mahali pake, kwa kuwa hapana kinacholikalia. Ukitoa sefti, kisigino kinashuka taratibu juu ya jino na kutulia.

Triga mpya ilikuwa inakishika kisigino nyuma zaidi kidogo kuliko ile ya zamani. Nacho kibawa kilikuwa kimelika kwa miaka. Matokeo yake, sefti ilikuwa inazunguka vizuri, inatoa mlio wake wa kuridhisha, lakini haikuwa inakivuta kisigino hata kidogo. Ilikuwa imesimama mbele yake tu, kama mlinzi aliyesinzia mlangoni. Ukivuta triga, jino linaachia, kisigino kinasogea unywele mmoja na kuegemea kibawa. Jino sasa liko chini, haliwezi kupanda tena. Bunduki nzima inashikiliwa na sefti peke yake. Ukiitoa sefti, unapiga risasi.

Na mkulima wangu, mtu mwangalifu, alikuwa amefanya nini? Alipotoka nyumbani aliweka risasi, akafunga sefti, akavuta triga ili kuhakikisha kwamba sefti inashika. Ikashika. Akashukuru Mungu, akatembea nayo robo saa nzima hadi shambani, mkewe akimtangulia na debe. Walipofika, mke akaweka debe chini, akasogea pembeni. Mdomo wa bunduki ulikuwa unatazama ardhi, na hilo ndilo lililotuokoa sote watatu. Yeye akageuza kibawa.

Asubuhi nilipanda basi la Muheza. Nilimkuta anapalilia, nikamwambia mbele ya mkewe kwamba alisema kweli na mimi ndiye niliyekosea. Nilitafuta kibawa kingine kisicholika, nikakipatanisha na kisigino mpaka kikawa kinakivuta nyuma kwa upana unaoonekana kwa macho, nikarudia majaribio usiku kucha.

Sasa mtaniuliza: si unaona, mzee, ilijifyatua yenyewe? Hapana. Niliifyatua mimi, siku nne kabla, kwa kuruka jaribio moja. Jaribio lenyewe ni hili, na kila mwenye bunduki halali ya bolti anaweza kulifanya leo bila kufungua skrubu hata moja. Bunduki tupu, chemba imekaguliwa kwa jicho na kidole, risasi haziko chumbani, mdomo unatazama mahali salama. Koki. Funga sefti. Vuta triga kwa nguvu ya kawaida. Iachie. Toa sefti bila kugusa triga. Ukisikia "ta", bunduki hiyo isiwekewe risasi, ipelekwe kwa fundi mwenye leseni siku hiyo hiyo. Usipoisikia, vuta triga sasa: inapaswa kufyatuka ndipo ujue imekoki bado. Mtu achukue dakika mbili.

Wasidhani ni shida ya mafundi wa Ngamiani tu. Aprili 2014 kampuni ya Remington ya Marekani iliwaita wenye bunduki zake za modeli 700 na Seven zenye triga iitwayo X-Mark Pro, zilizotengenezwa tangu Mei 2006, wazirudishe. Sababu? Gundi. Kiwandani walikuwa wameweka gundi nyingi kupita kiasi kwenye kuunga triga, ikawa bunduki inaweza kufyatuka bila kukusudiwa. Niliposoma hayo nilikumbuka lile tone langu la rangi ya kucha. Tone moja, si brashi nzima. Nimewahi kuletewa bunduki ambayo kijana alimwagia gundi ya viatu triga yote, akitaka "isilegee". Haikulegea kweli.

Na sisi wa pwani tuna adui wetu wa ziada. Mti wa bunduki hunyonya unyevu. Masika ukifika mti unavimba, na pale ulipochongwa kwa kubana unaanza kuigusa triga au kuibana sefti pembeni. Bunduki iliyokuwa salama Januari inaweza kuwa nyingine kabisa Aprili. Chumvi ya bahari nayo inakula springi kimya kimya. Halafu mtu anaona triga nzito, anamwaga mafuta ya kula, naam, nimeyaona, ya alizeti, yanaganda na vumbi yanakuwa kama ulimbo wa kunasia ndege. Triga inataka kuwa safi na kavu, na tone la mafuta mepesi, basi.

Kwa hiyo ombi langu kwenu waandishi ni dogo. Mkienda kwenye ajali ya bunduki, msiishie kuuliza aina yake na kama inamilikiwa kihalali. Ulizeni nani aliifungua mara ya mwisho. Je, triga yake ni ya asili au imebadilishwa? Sefti ilikuwa imefungwa, na je, kuna aliyevuta triga ikiwa imefungwa? Majibu ya maswali hayo mkiyaandika, mtakuwa mmemsaidia mlinzi mwingine kwenye ghala jingine. "Ilijifyatua yenyewe" haimsaidii mtu, inamfichia siri fundi aliyekosea, na mimi nimekuwa fundi huyo.

Wanaokagua bunduki wakati wa kuhuisha vibali nao nawaomba jambo. Mara zote nilizofuatana na wateja, niliona mkaguzi akisoma namba kwenye chuma, akiilinganisha na namba kwenye karatasi, akagonga muhuri. Namba haijawahi kumpiga mtu mguuni. Mizani ya samaki si bei kubwa. Triga ikikubali chini ya kilo moja kwenye bunduki ya mlinzi wa usiku, mlinzi anayesinzia na kushtuka, huyo aulizwe nani aliyemrekebishia.

Vijana nao, najua mnaona video mkononi, jamaa wa Marekani anabadilisha triga mezani kwake huku anatafuna, dakika kumi kamaliza. Huko kwao ni huko kwao. Hapa sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015 inataka anayetengeneza silaha awe na leseni, na kipuri cha silaha si kipuri cha bodaboda cha kuagiza kwa mtu anayekuja likizo. Na yule jamaa wa video, nimemtazama mara tatu kwenye simu ya mjukuu wangu. Lile jaribio nililoliruka mimi, naye hakulifanya.

Mizani ya Deep Sea nilichelewa kuirudisha, na mwenyewe akaja kuidai akiwa na kapu la changu. Debe ninalo bado. Mkulima alikataa kulichukua, akasema nilipe mke wake jipya, nikalipa. Mjukuu ananiuliza kila akija kwa nini babu anaweka skrubu kwenye debe lenye matundu, zinadondoka. Namwambia akae, avute kigoda.

Wako,
Fundi silaha mstaafu,
Ngamiani, Tanga
(Jina na anuani unavyo, tafadhali usivichapishe.)